Mgonjwa Anapokosa Pumzi

Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kufikiri. Lakini kwa mgonjwa aliyefikia hatua za mwisho za saratani, za moyo ulioshindwa kazi au za maradhi sugu ya mapafu, kila pumzi yaweza kuwa mateso.

Je, hisia ya kukosa pumzi hutoka wapi? Ubongo hupima daima hali ya hewa iliyomo katika damu, kisha huiamuru misuli ya kifua ifanye kazi. Misuli au mapafu yasipoweza kutimiza amri hiyo, mtu huhisi anakabwa. Hofu nayo huharakisha pumzi, na pumzi fupifupi huzidisha hofu.

Kwa hiyo si kila anayetweta amepungukiwa oksijeni. Mwaka 2010 watafiti wa Australia, Marekani na Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 239 wa namna hii, ambao oksijeni ya damu yao haikuwa imeshuka sana. Baadhi walipewa oksijeni kwa mirija ya puani, wengine hewa ya kawaida. Nafuu yao haikutofautiana.

Jambo hili lina uzito katika sehemu kama Machame. Hospitali ipo, na ile ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi. Lakini mgonjwa anayemalizia siku zake nyumbani, kati ya migomba yake, kwa kawaida hana mtungi wa oksijeni. Ndugu, wakihofia baridi ya mlima, hufunga madirisha na kumzunguka. Mapenzi hayo yaweza kumwongezea taabu.

Yafaa mgonjwa akalishwe na kuegemezwa mito, mwili ufunikwe blanketi, dirisha lifunguliwe, na moshi wa kuni uwe mbali. Apepewe usoni taratibu: upepo unaogusa mashavu na pua huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hutulia. Mtu mmoja mpole akae naye.

Daktari aweza kuongeza mofini kidogo. Haimsaidii kila mgonjwa. Lakini ikitolewa kwa kipimo na uangalizi, si dawa ya kuharakisha kifo kama wengi wanavyodhani.

Pumzi ikibanwa ghafla, daktari aarifiwe upesi. Maji yaliyojaa kifuani au homa ya mapafu huweza kutibiwa, hata pale ugonjwa wenyewe usipopona.