Ngozi ya Yendi na matanga ya wafalme wawili

Huko Dagbon, kaskazini mwa Ghana, mfalme huitwa Ya Na, na hukalia ngozi za wanyama badala ya kiti kama wenzake wa Ashanti. Ngozi hiyo iko Yendi, makao ya Ya Na, na ina milango miwili, yaani koo mbili za kifalme, Abudu na Andani; desturi ni kupokezana. Hata mlango wenye zamu haujichagulii tu: mrithi awe mwana wa Ya Na, tena aliyekwisha kutawala moja ya himaya tatu za chini yake: Karaga, Savelugu au Mion.

Msomaji wa Tanzania, ambako uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, atauliza kwa nini serikali isikate shauri milango hiyo inapogombania zamu. Ilikata, tena zaidi ya mara moja, na ndiyo iliyotia chumvi kwenye kidonda. Mwaka 1969, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Busia, alitawazwa Mahamadu wa Abudu. Mwaka 1974, chini ya wanajeshi wa Acheampong, akavuliwa, akawekwa Yakubu wa Andani. Kila mlango ukajifunza kusubiri rafiki yake aingie Accra.

Mahamadu alifariki mwaka 1988, na hapo ugomvi ukahamia kwenye msiba. Watu wake walitaka matanga yake yaanuliwe katika kasri la Gbewaa, kasri la Ya Na, kama ya mfalme. Andani wakakataa: aliyevuliwa si mfalme. Si kwamba walimwonea kijicho marehemu. Kukubali matanga kasrini ni kukubali kwamba alikuwa Ya Na, na hivyo wanawe ni wana wa Ya Na, wenye haki ya kugombea.

Machi 2002 mapigano yalizuka Yendi. Yakubu akauawa pamoja na makumi ya watu wake, akazikwa mwaka 2006. Bila matanga ya mfalme kumalizika hapawi na mrithi, nayo milango haikukubaliana juu ya matanga, basi ngozi ikakaa wazi karibu miaka 17.

Waliofungua fundo ni wafalme wengine watatu: Asantehene wa Ashanti, Nayiri wa Mamprugu na Yagbonwura wa Gonja. Waliamua matanga yote mawili yafanyike kasrini, ya Mahamadu Desemba 2018, ya Yakubu Januari 2019. Kwa maoni yangu, mahakama isingeweza kutoa hukumu hiyo. Sheria hutafuta mfalme mmoja halali, wao waliwafanyia matanga wawili.

Mwezi huohuo alitawazwa Abukari Mahama II, aliyekuwa chifu wa Savelugu. Baadaye mwana wa Yakubu akapewa Savelugu, na mwana wa Mahamadu akapewa Mion.