Matumbo ya Samaki Niliyoyatupa Ugenini

Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye shombo la samaki, na kwa hivyo aghalabu hudhani kwamba hakuna awezaye kutufunza lolote juu yake. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye kudhani hivyo. Nilianza kupaa samaki nikiwa mtoto, nyuma ya nyumba, mama akinisimamia, na kila kitu kilikuwa na mahali pake: magamba jaani, matumbo kwa paka, kichwa chunguni. Sikuwahi kujiuliza mambo huwaje mtu akiwa safarini, hana jaa wala paka, na mahali alipo ni pa watu.

Niliyajua hayo mwaka juzi, mwishoni mwa kusi, upepo umeshalegea. Tulikuwa watu saba ndani ya mashua, tumetoka Amu twende Kiwayu kwenye harusi ya jamaa, mwendo wa kiasi cha kilomita 50. Nahodha wetu alikuwa mzee ambaye sote tulimwita Ami, hata wale wasiokuwa na udugu naye. Tulipita Mkanda na maji yaliyojaa, kwani mlango ule ulioko kati ya Manda na bara hauna huruma kwa asiyejua saa za maji. Yakipwa, chombo hukaa juu ya matope na abiria wakaanza kulaumiana. Tulipotokea upande wa pili tukaiacha ile bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, tukashika njia ya Pate.

Mishipi ilikuwa majini tangu tutoke, tukapata changu watatu na kolekole mmoja wa kutosha karamu. Tafi tuliwanunua kwa wavuvi wa madema tuliokutana nao, maana tafi ni mla mwani, si mwepesi wa kushika ndoana.

Jioni ile tulitia nanga mbele ya kijiji kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu wenyewe hawakunitangaza mimi. Tulipokewa vizuri mno. Tukasali Magharibi pamoja na wenyeji, kisha wenzangu wakabaki msikitini wakingoja Isha, nami nikateremka pwani na tochi ili niwahi kusafisha samaki. Maji yalikuwa yakitoka kwa kasi, kwani ilikuwa bamvua. Nikasimama yakinifika magotini, nikapaa, nikapasua, nikakata mapezi, na kila nilichokikata nikakitupa nyuma yangu. Nilisema moyoni kwamba mkondo ule utayachukua yote mpaka bahari kuu. Hata kipande cha mshipi kilichotatana nilikitupa humo humo. Kazi ilikwisha kwa nusu saa, nami nikajiona hodari.

Alfajiri tulipotoka kusali, maji yalikuwa yamejaa tena na yanaanza kupwa. Hori ile ina mdomo mwembamba. Kinachotoka jioni si lazima kifike mbali. Kulipopambazuka, uchafu wangu ulikuwa umelala mchangani kwa mstari, kama mtu aliyeupanga kwa mkono: magamba, matumbo yaliyovimba, na yale mapezi. Kunguru walikwisha fika. Kabla sijajua la kufanya nilisikia mtoto akipiga ukelele.

Alikuwa mjukuu wa yule bwana aliyetulaza, kijana wa miaka saba au minane, aliyekuwa akikimbilia mashua yetu aje atazame mashine. Alikuwa amekanyaga pezi la tafi.

Wasiomjua tafi wataona ni jambo dogo. Samaki huyu ana miiba 13 mgongoni, 7 upande wa chini kuelekea mkia, na miwili katika kila pezi la tumboni. Jumla ni 24, na yote ina sumu. Kufa kwa samaki hakuiondoi sumu ile mara moja. Maumivu yake hupanda mguu mzima, na mtu mzima mwenye ndevu zake hulia, seuze mtoto. Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kwao, naye ameng'ang'ania shingo yangu hali hajui kwamba amemkumbatia aliyemdhuru.

Bibi yake hakupoteza wakati kwa maneno. Aliutazama mguu, akachomoa kipande cha mwiba kilichobaki, akaweka maji motoni. Yalipopata moto aliyajaribu kwa mkono wake mwenyewe kwanza, kisha akautia mguu wa mtoto katika karai, akawa anaongeza maji ya moto kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoweza kustahimili. Hiyo ndiyo dawa ambayo waganga wa hospitali nao huisema, kwa kuwa sumu ya miiba ya samaki wa namna hii hudhoofishwa na joto. Lakini maji yasiwe ya kuunguza, maana mguu uliokufa ganzi kwa maumivu huungua bila mwenyewe kutambua. Ndiyo sababu ya bibi kutumia mkono wake. Na kidonda kikivimba siku ya pili, au mtu akianza kutapika au kuhema kwa shida, hapana tena mambo ya karai, ni kwenda hospitali upesi. Kwa mtoto yule, Alhamdulillahi, kilio kilipungua baada ya saa moja hivi, akalala.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikwenda mwenyeji akaumia. Na lililonitesa zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza nani aliyetupa. Babu yake alisema labda ni kunguru walioleta. Nikaona kunyamaza ni kumtwika kunguru dhambi yangu, nikamwendea yule bibi, nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyepaa samaki pale jana usiku. Niwie radhi."

Akanijibu bila ya kuniangalia, huku akikanda mguu wa mjukuu wake, "Nimejua, mwanangu. Mtu wa hapa miiba ya tafi huitia motoni."

Nahodha naye hakusema kitu mpaka tulipokuwa safarini. Adhuhuri alipata kolekole mwingine, akampa usukani kijana wake, akaniita. "Njoo usafishe huyu, nami nikutazame."

Niliyofunzwa pale niliyashika. Kwanza, samaki husafishwa mapema, asingojwe kufika. Mara tu akipanda chomboni, Ami alipitisha kisu chini ya mashavu yake damu ikatoka. Abiria mmoja mcheshi akamwuliza kama ndiyo anamchinja. Ami akacheka. Sote twajua kwamba samaki hahitaji kuchinjwa, na kwamba mfu wa bahari ni halali kwetu. Damu aliitoa ili nyama isiharibike, basi. Kisha alitaka matumbo yatoke papo hapo, kwani uozo huanzia humo. Tumbo la samaki lina vitu vya kumeng'enyea chakula, na samaki akishakufa vitu hivyo huanza kummeng'enya yeye mwenyewe. Kwa jodari na nguru sharti hili ni kali zaidi. Wakiachwa juani, nyama yao hufanya sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa, na mlaji huwashwa mwili, uso ukamwiva na kichwa kikamgonga. Watu wengi husema wamedhuriwa na samaki kwa kuwa mwili wao haumpendi, kumbe alikaa saa nzima juani bila barafu.

Pili, alinihamisha upande niliokaa. Samaki hupaliwa upande wa demani, ambako upepo unakwenda, na si joshini, la sivyo magamba huwarukia wenzako machoni na shombo likawaenea wote. Kisu huanzia tunduni kwenda kichwani, ncha ikielekea juu, kusudi nyongo isipasuke. Mashavu hutolewa yote. Halafu samaki huoshwa kwa maji ya chumvi ya kina kirefu, wala si maji ya bandarini yenye mafuta ya mashine na mengineyo.

La tatu ndilo lililonihusu mimi. Ami alikuwa na debe kuukuu lenye mfuniko, na humo ndimo kila kitu kilimoingia. Alikibagua mwenyewe. Mayai ya samaki na kichwa vilikwenda chunguni. Vipande vya matumbo vilivyofaa kuwa chambo viliwekwa. Zamani, aliniambia, kama ni papa hata ini lisingetupwa, kwani ndilo lililotoa sifa ya kupaka vyombo. Miiba ilitiwa katika kopo peke yake, ikaungojea moto wa jioni. Yaliyobaki aliyamwaga tulipokuwa kwenye maji makuu, mkondo unatoka, mbali na watu wanaooga na mbali na walipotega wenzetu. "Hapa yataliwa kabla hayajafika chini," alisema. "Kule ulikotupa wewe hukuuliza maji yanakwenda wapi."

Nilimwuliza, na kama mtu yuko nchi kavu usiku, hawezi kutoka? Akasema azike, lakini azike kwa akili. Awe juu ya alama ya maji ya bamvua, achimbe shimo la kufika kiwiko au zaidi, na awe mbali na kisima. Neno hili la kisima sikuwa nimelifikiri kamwe. Katika visiwa vyetu maji matamu hukaa chini ya mchanga kama utandu mwembamba juu ya maji ya chumvi, na mchanga hauzuii kitu. Unachokizika karibu na kisima ndicho watakachokinywa wenyeji. Tena asizike katika fukwe ambazo kasa hupanda kutaga, kwa kuwa harufu huwaita wanyama wafukuzi, na wakishaanza kufukua hawachagui. Upande wa Kiwayu na Kiunga, ambako bahari imewekwa kuwa hifadhi tangu 1979, fukwe za namna hiyo ni nyingi.

Hayo yote yamo katika dini yetu, wala hayakuletwa na wageni wenye darubini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitukataza kuchafua mahali pa maji, njia za watu na vivuli wanavyopumzikia, na akalihesabu tendo la kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani. Mimi niliuweka udhia njiani. Huwa tunashika sana mambo ya twahara ya nguo zetu, na ni vizuri. Ami mwenyewe alikuwa na shuka safi ya kusalia aliyoifunga ndani ya mkoba, hakutaka kubishana na mtu juu ya damu ya samaki. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameeleza mpaka matumbo ya samaki: aliye mkubwa atolewe, mdogo kama dagaa amesamehewa kwa uzito wa kumsafisha mmoja mmoja. Lakini nilijiuliza ni mara ngapi nimemsikia mtu akiuliza uchafu huo huenda wapi baada ya kututoka sisi mikononi.

Nalo jambo la mshipi halikuniondoka. Matumbo huoza, hata nikiyatupa kijinga. Mshipi wa nailoni hauozi maisha yangu wala ya mjukuu wangu. Hunasa mguu wa ndege, shingo ya kasa, au rafadha ya mashine. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika mbuga na hifadhi zetu, fukwe zikiwemo. Walakini tazameni tanga la mchana mmoja tu linavyokutana na chupa, ndara na magunia. Kasa huuona mfuko ukielea akadhani ni konyeza, akaumeza. Mafundi wa Amu wamekwisha tuonyesha wingi wa takataka hizo: ile dau iitwayo Flipflopi, iliyoteremshwa majini 2018, ilijengwa kwa plastiki kiasi cha tani 10 na kupambwa kwa ndara 30,000, ikasafiri mpaka Unguja mwanzoni mwa 2019. Ilikwenda vizuri, nami niliipenda rangi yake. Ningependa zaidi kama fundi angekosa mali ya kuijengea.

Harusi ilikuwa njema, pilau ilitosha, na sitaeleza zaidi maana si habari ya leo. Siku ya kurudi nilimwomba Ami tupite tena kijijini kwa yule mtoto. Nilimkuta anacheza, mguu umepona, kovu dogo chini ya kidole gumba. Nilimletea halua kutoka arusini, akaipokea, kisha akanishika mkono akanipeleka hadi ukingoni akanionyesha mahali penyewe, kama kwamba sipajui. "Hapo usikanyage, Mjomba," akaniambia. Bibi yake alikuwa mlangoni, akacheka kwa mara ya kwanza.

Jioni ile nilisafisha samaki tena, changu sita, juu ya kipande cha ubao chomboni, debe likiwa kati ya miguu yangu. Tulipofika Amu nilishuka nalo mkononi pamoja na gunia la makopo na mishipi mibovu. Mikono nilikuwa nimeisugua kwa mchanga, kwa ndimu, na kwa jivu, na bado ilinuka. Paka watano walikuwa wameketi gatini wakitazama debe, na wakanifuata mpaka nyumbani.