Kabla ya kutoboa shimo, fikiria hewa

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu, mtaa wa Kaloleni, kwa harusi ya upande wa shemeji zangu. Baada ya swala ya Magharibi tulikaa barazani na kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu ya Bondo, Kaunti ya Siaya. Alipojua nimetoka Mombasa aliniuliza: "Shemeji, nyinyi watu wa bahari mna wapiga mbizi. Mtu akinaswa ndani ya shimo na maji yakajaa, mnamtoaje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nina diploma ya ufundi wa mitambo, lakini mimi si mhandisi wa migodi wala si mpiga mbizi. Nilimwambia nitatafuta nimletee jawabu, na makala haya ndiyo hilo jawabu. Nayaandika hapa kwa sababu hata sisi wa Pwani yanatuhusu. Tuna visima, tuna machimbo ya mawe, tuna kivuko.

Swali lake halikuwa la mchezo. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, huko huko Bondo, uliporomoka wachimbaji wakiwa ndani. Kadhaa walitolewa wakiwa hai siku za mwanzo. Mmoja alibaki chini, na mwili wake ulipatikana mwaka 2022, baada ya miezi mingi kupita. Fikiria jamaa zake walivyokaa muda wote huo bila maiti ya kuzika.

Somo la bilauri

Chukua bilauri ya plastiki, igeuze juu chini, uizamishe kwenye ndoo ya maji. Ndani yake hewa inabaki. Mdudu aliyeshika kitako cha bilauri hatalowa. Sasa chukua sindano, toboa kitako hicho. Hewa itatoka, maji yatapanda, na mdudu atazama.

Hilo ndilo lililotokea Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Meli ya MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Kwa muda ilielea tumbo likiwa juu, na ndani walikuwamo watu walio hai wakigonga bati. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Zaidi ya watu 800 walikufa katika ajali ile.

Silaumu waliotoboa. Ukisikia mtu anagonga, mkono hautulii. Lakini fundi lazima ajiulize kwanza: hewa hii imekaa wapi, na nikitoboa itakwenda wapi? Kama ni meli, itafutiwe kwanza kitu cha kuishikilia isizame, kama maboya makubwa au winchi, au wapiga mbizi wapite chini ambako maji yameshaingia. Kama ni shimo la ardhini na unataka kutoboa kutoka juu, uwe na kompresa inayosukuma hewa ndani tangu dakika ile tundu linapofunguka.

Na hewa iliyonaswa huokoa kweli. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa. Siku mbili baadaye, watu wameshakata tamaa, fundi mitambo wa kivuko alipatikana hai ndani, mahali palipobaki na hewa. Mwaka 2013, pwani ya Nigeria, mpishi Harrison Okene alikaa saa 60 hivi ndani ya boti iliyozama meta 30 chini ya bahari, akipumua hewa ya kijichumba kimoja. Wapiga mbizi waliokuja kutafuta maiti walishikwa mkono na mtu aliye hai. Sisi tuliosoma kisa cha Nabii Yunus tangu chuoni hatupaswi kuwa wepesi wa kutangaza kwamba aliye chini ameshakufa.

Hewa inatosha muda gani?

Hapa pana hesabu ambayo kila anayesimamia shimo angeijua. Watu wengi hudhani mtu aliyefungiwa hufa kwa kuishiwa oksijeni. Mara nyingi kinachomwahi ni hewa chafu anayoitoa yeye mwenyewe, kabonidayoksaidi. Mtu aliyetulia hutoa lita 15 hivi za gesi hiyo kwa saa. Ikifika asilimia 5 ya hewa yote, kichwa kinauma sana, pumzi zinakwenda mbio, na akili inaanza kuvurugika.

Chukua nafasi ya ukubwa wa chumba cha kulala, meta 3 kwa 3, na kimo meta 2 na nusu. Ikiwa hakuna hewa inayopenya, mtu mmoja aliyetulia atafika kwenye hatari hiyo baada ya siku tatu hivi. Wakiwa watatu, ni siku moja. Wakihangaika, wakipiga kelele na kuchimba kwa mikono, ni chini ya hapo sana. Ndiyo maana la kwanza kumwambia aliyenaswa, sauti ikimfikia, ni akae, atulie, apumue taratibu. Na ndiyo maana aliye juu anahesabu kwa saa. Mkutano wa kamati wa kesho kutwa umeshachelewa.

Pampu na mipaka yake

Maji yakijaa shimoni, kila mtu hukimbilia pampu. Ni sawa, lakini pampu ina mipaka isiyojadiliwa. Ile pampu ndogo ya petroli ya wakulima wa mboga, ukiiweka juu ya shimo, haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya meta 7 au 8 hivi. Si kwamba injini ni dhaifu. Pampu ya kufyonza hutegemea uzito wa hewa kuyasukuma maji juu, na uzito huo kikomo chake ni meta 10, hata ukileta injini ya lori. Kwa shimo la meta 30 inatakiwa pampu ya umeme inayozamishwa ndani ya maji, jenereta ikibaki juu.

Hapo ndipo watu huingia kwenye kosa la pili. Wakiona pampu haivuti, huishusha pamoja na injini yake ndani ya shimo. Moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua waokoaji pamoja na waliokusudiwa kuokolewa. Kosa hili hutokea pia kwenye visima vyetu vya Pwani. Injini ya mafuta haishuki shimoni. Katika hili hakuna "kidogo tu".

La tatu ni kujua maji yanatoka wapi. Shimo lililo karibu na ziwa, na lililokwenda chini kuliko usawa wa ziwa, linaweza kuwa linajazwa na maji ya ardhini kila unapoyatoa. Chomeka kijiti chenye alama, upime kila nusu saa. Maji yakishuka, endelea. Yakibaki palepale, ongeza pampu au badili mpango. Kama ni mvua inayoingia kwa mdomo wa shimo, mtaro na magunia ya mchanga vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko pampu.

Huko Thailand mwaka 2018 vijana 12 na kocha wao waliponaswa kwenye pango la Tham Luang, waokoaji hawakupampu tu. Walikwenda juu ya mlima wakaziba na kugeuza vijito vilivyokuwa vinaingia pangoni. Wakulima wa chini walikubali mashamba yao ya mpunga yafunikwe na maji yaliyotolewa.

Kupiga mbizi ni njia ya mwisho

Kijana wa Kaloleni aliniuliza habari za wapiga mbizi, na Thailand ndiko walikopewa sifa. Lakini tuangalie ilivyokuwa. Vijana walinaswa tarehe 23 Juni, wakapatikana wakiwa hai tarehe 2 Julai, na kutolewa kuanzia tarehe 8 hadi 10. Mawazo yalikuwa mengi: kutoboa mlima kutoka juu, kusubiri miezi hadi mvua iishe, hata nyambizi ndogo aliyoipeleka tajiri Elon Musk, ambayo haikutumika. Oksijeni pangoni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 15, kutoka 21 ya kawaida, na mvua nyingine ilikuwa njiani. Ndipo daktari wa usingizi kutoka Australia alipowalaza vijana kwa dawa, wakavishwa barakoa za uso mzima, wakabebwa chini ya maji na wapiga mbizi waliobobea kwenye mapango. Kabla ya hapo mpiga mbizi mmoja wa Thailand, Saman Kunan, alikuwa ameshafariki katika kazi ya kupeleka mitungi ya hewa.

Shimo la dhahabu ni jembamba kuliko pango lile, lina tope, na kuta zake zinaweza kushuka wakati wowote. Nasi wa Mombasa twajua mipaka ya mbizi. Septemba 2019 gari lilipotumbukia Likoni kutoka kwenye feri likiwa na mama na mwanawe, ilichukua siku 13 kulitoa kutoka kina cha meta 58, na Jeshi la Wanamaji liko pale pale Mtongwe. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800. Anayengoja mpiga mbizi wa Pwani afike Bondo anangojea kuzika.

Bomba moja la chuma

Kwa maoni yangu, kisa kinachoufaa mwambao wa ziwa ni cha Pennsylvania, Marekani, Julai 2002. Wachimba makaa tisa wa mgodi wa Quecreek walitoboa ukuta kwa bahati mbaya wakaingia kwenye mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyopewa ilikuwa imepitwa na wakati. Maji yakawafungia zaidi ya meta 70 chini. Waokoaji walikadiria mahali wanapoweza kuwa wamekimbilia, wakatoboa tundu la inchi 6, wakaanza kusukuma hewa ya moto kwa kompresa. Hewa ile ilifanya kazi mbili: iliwapa pumzi, na iliyasukuma maji yasiwafikie, kama ile bilauri. Kisha pampu zikatoa maji huku shimo pana likichimbwa. Keekee ilivunjika njiani, kazi ikasimama kwa saa nyingi, lakini hewa iliwanunulia muda. Wote tisa walipandishwa wakiwa hai, mmoja mmoja, kwa kapsuli ya chuma.

Siaya na Migori hazina mitambo ile, nakubali. Lakini tundu lile la inchi 6 lingeweza kuwapo kabla ya ajali. Kila shimo linalochimbwa lingewekewa mabomba mawili ya chuma ya inchi 2, kila moja upande wake ili likipondwa moja libaki jingine, kutoka juu hadi wanapofanyia kazi chini, na yarefushwe kadiri shimo linavyoshuka. Siku za kawaida yapeleke hewa safi. Siku ya ajali yapitishe hewa, maji ya kunywa, uji na sauti. Kompresa za kuvunjia mwamba wanazo wakandarasi wa barabara pale Kisumu, na Bondo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Sharti moja tu: mdomo wa kompresa unaovuta hewa uwe mbali na moshi wake wenyewe.

Jingine ni daftari. Nilipompigia simu yule kijana kumpa jawabu, nilimuuliza wanajuaje waliobaki chini ni wangapi. Akaniambia: "Shemeji, kwetu hakuna daftari. Tunahesabu viatu vilivyoachwa juu." Daftari la shilingi mia, lenye jina la kila anayeshuka na anayepanda, na mchoro wa njia za chini hata wa kalamu, lingewaambia waokoaji wachimbe wapi na wamtafute nani. Quecreek ilikuwa na ramani mbovu. Shimo la kawaida la kijijini halina ramani yoyote.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati ya uchimbaji huo katika kila kaunti. Kazi ya kamati isiwe kugawa vibali tu. Kibali kisitoke bila mabomba mawili na daftari. Na kaunti za mwambao zichange ziweke ghala moja Kisumu, penye bandari, uwanja wa ndege na hospitali kubwa ya rufaa: pampu za kuzamishwa, jenereta, kompresa, kamba na winchi, pamoja na orodha ya simu za wenye mashine za kutoboa visima.

Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, kati ya watu 43 waliokuwamo walinusurika 24, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ndivyo itakavyokuwa daima: mwokoaji wa kwanza ni jirani. Ana moyo, ana mikono, na kamba yake ya kuvulia. Tumwekee na bomba, tumfundishe na somo la bilauri, kabla mvua za masika hazijaanza.