Homoni ya Giza na Ugonjwa wa Parkinson

Katika Nzuguni, pembezoni mwa mji wa Dodoma, jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, kwani mahali hapo pako nyuzi sita tu kusini ya Ikweta. Zamani giza hilo lilipunguzwa na koroboi na moto wa jikoni tu. Siku hizi pana kituo kikuu cha mabasi, pana Soko la Job Ndugai, na umeme umeingia majumbani. Badiliko hilo hutambuliwa na tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, iitwayo pineali, ambayo ukubwa wake hauzidi sana punje ya mchele. Nuru ipungukapo machoni, tezi hiyo humimina katika damu homoni iitwayo melatonini. Nuru irudipo, huacha.

Homoni hiyo hupewa jina la homoni ya usingizi, lakini jina hilo si sahihi sana. Panya, ambao hukesha wakitafuta chakula, nao huwa na melatonini nyingi usiku. Afadhali iitwe homoni ya giza.

Iligunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, baada ya kukusanya tezi za maelfu ya ng'ombe waliochinjwa. Lerner alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya ngozi. Alichotafuta ni kile kinachobadili rangi ya ngozi ya chura, wala si dawa ya ubongo.

Ugonjwa wa Parkinson ulielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Mikono hutetemeka hasa inapotulia, viungo hukakamaa, na hatua huwa fupi na nzito. Chanzo chake ni kufa kwa seli za sehemu ndogo nyeusi chini ya ubongo, zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo.

Kwa nini seli hizo? Wataalamu hawajalimaliza swali hili, ila jambo moja linafahamika. Mitokondria, yaani majiko ya seli, hayaunguzi chakula bila kutoa cheche, kama vile kuni zisivyowaka bila cheche. Cheche hizo ni radikali huru: molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunyang'anya elektroni za molekuli za jirani na kuziharibu. Katika seli za dopamini cheche huwa nyingi, kwa kuwa dopamini yenyewe, inapovunjwa, huziongeza.

Mwaka 1993 kundi la Russel Reiter huko Texas lilionyesha kwamba melatonini huweza kuzinasa radikali hizo. Tena huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya kwa urahisi kuingia ubongoni. Tumaini likazaliwa.

Njia ya kulipima ilikuwa imekwisha kupatikana kwa bahati mbaya ya wengine. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na sumu iitwayo MPTP walikakamaa kama wazee wenye Parkinson. Tangu hapo sumu hiyo hutumiwa kuwapa panya wa maabara dalili za ugonjwa huo. Mwaka 1997 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba melatonini iliwakinga panya dhidi ya madhara yake. Majaribio mengine yaliafiki. Mengine hayakuona kinga yoyote.

Hapa hapana budi msomaji awe mwangalifu. Panya hupewa melatonini kabla ya sumu au karibu na wakati wa sumu. Mgonjwa hufika hospitalini seli zake nyingi za dopamini zikiwa zimekwisha kufa, na homoni haifufui kilichokufa. Mwaka 2007 watafiti wa Brazili waliwapa wagonjwa miligramu 3 kila usiku kwa wiki nne: usingizi wao, kwa maelezo yao wenyewe, ukawa bora; mwendo haukubadilika. Kupima kinga ya kweli kungetaka wagonjwa wa mwanzo kabisa na miaka ya kuwafuatilia. Wala isidhaniwe kwamba taa za Nzuguni huleta Parkinson. Hilo halijathibitishwa na yeyote.

Nchini Tanzania utafiti unaojulikana zaidi ulifanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, na kuchapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa na daktari yeyote kabla ya hapo. Dalili zao zilikuwa zikihesabiwa kuwa uzee. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, imekuwa ikitumika duniani tangu miaka ya 1960. Haizuii seli kufa, lakini humwezesha mgonjwa kufunga vifungo vya shati lake na kutembea hadi shambani, mradi kwanza ajulikane kuwa ni mgonjwa.