Mizizi Inayosafisha Udongo, na Ile Inayotuletea Sumu
Oili chafu ikimwagika mara kwa mara penye gereji au mashine ya kusaga unga, kama zilizo kandokando ya barabara ya Webuye–Kitale hapa Kamukuywa, udongo hugeuka mweusi na mimea hudumaa. Nyasi zinaweza kusaidia. Mizizi yake hutoa majimaji yenye sukari na asidi, ambayo ni chakula cha bakteria na kuvu. Vijidudu hivi vikiongezeka, hula pia dizeli na oili na kuzivunjavunja polepole. Kazi hiyo huchukua misimu kadhaa; samadi na kutifua udongo upate hewa huiharakisha.

Lakini si kila mzizi husafisha. DDT, iliyopigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka 1986, haiozi kwa urahisi, na mabaki yake hukaa udongoni miaka mingi. Watafiti nchini Marekani waligundua kwamba aina fulani za maboga huyavuta mabaki hayo hadi kwenye shina, majani na hata tunda. Inadhaniwa kuwa asidi za mizizi ndizo huyabandua kwenye udongo. Kwetu tunaokula seveve, hilo si jambo dogo.

Kwa hivyo, palipokuwa na stoo ya dawa za zamani au josho, pasipandwe maboga wala mboga yoyote. Arseniki iliyotumika zamani kuua kupe haiwezi kumalizwa na kijidudu chochote. Penye oili, panda nyasi, ila usiwalishe ng'ombe. Ukikuta madebe ya dawa kuukuu, usiyafungue. Mwarifu afisa wa kilimo wa wadi yako.