Asilimia 7 Inayopotosha Maofisa Masoko

Maofisa masoko wanaojiandaa kuwasilisha bidhaa mbele ya wateja huuliza kwanza wasimameje na mikono waiweke wapi, swali ambalo limeulizwa kupita kiasi na ambalo chimbuko lake ni imani kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na mwonekano asilimia 55. Imani hiyo, inayofundishwa katika semina za mauzo kana kwamba ni kanuni ya sayansi, haiungwi mkono na utafiti unaotajwa kuwa msingi wake.

Takwimu hizo zilitokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1967. Katika la kwanza, washiriki walisikilizishwa neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki. Katika la pili, neno moja tu, lenye maana ya "labda", lilisikika huku wakionyeshwa picha za nyuso. Kisha matokeo yakaunganishwa kuwa mlingano mmoja, ingawa hakuna jaribio lililopima maneno, sauti na uso kwa pamoja. Kilichopimwa ni hisia, yaani kama msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Hakuna bidhaa iliyoelezwa, hakuna bei iliyotajwa, wala hakuna aliyetakiwa kununua chochote. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba mlingano huo hautumiki nje ya mawasiliano ya hisia na mitazamo, na kuendelea kuwatoza watu ada ili wafundishwe kinyume chake ni kuwadhulumu.

Wateja halisi huamua kwa njia nyingine. Kamati ya chama cha ushirika inayochagua mashine ya kukoboa kahawa hulinganisha bei, matumizi ya umeme, upatikanaji wa vipuri na dhamana, na aghalabu huamua baada ya mwasilishaji kuondoka, ikitegemea yaliyoandikwa na yanayokumbukwa. Sauti isiyosikika huharibu wasilisho, hilo halina ubishi, lakini ishara ya mkono haiingii katika muhtasari wa kikao. Hata kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma ya pesa kwa simu, M-Pesa, nchini Kenya mwezi Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza na marejesho ya mikopo midogo, ilijinadi kwa ahadi moja ya kutuma pesa nyumbani, na kuteua ahadi hiyo kulikuwa kuteua maneno, si ishara.

Basi maandalizi yaanze kwa sentensi moja inayotaja uamuzi unaotakiwa kwa mteja. Pingamizi kubwa lijibiwe kabla halijaulizwa. Kila slaidi ibebe hoja moja kwa herufi zinazosomeka kutoka viti vya nyuma. Bei itajwe pamoja na kodi. Mazoezi yafanyike kwa sauti, saa ikiwa mezani, na muda wa maswali usiliwe. Nakala za karatasi ziwepo umeme ukikatika. Na kila mjumbe aachiwe ukurasa mmoja wenye bei, muda wa dhamana na nambari ya simu ya fundi.