Tairi la Theluji katika Joto la Kisumu

Miongoni mwa vitu vinavyofika Kisumu bila kuagizwa na mtu, tairi la theluji ni mojawapo ya vile visivyoeleweka kabisa, kwa kuwa huja limefungwa tayari kwenye gari lililonunuliwa mnadani Japani, hushushwa pamoja nalo bandarini Mombasa, na hubingirika hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria bila mnunuzi kujua kwamba liliundwa kwa ajili ya barabara zenye barafu za Hokkaido na Tohoku. Kenya na Japani zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, na kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, hivyo kila gari la mtumba lililouzwa katika miezi ya baridi huweza kuleta majira yake kwenye magurudumu.

Ubavuni mwa tairi la aina hii huwa pameandikwa kwa herufi kubwa neno STUDLESS, yaani lisilo na misumari, au pamechorwa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, alama iliyoanza kutumika Marekani na Kanada mwaka 1999 kwa matairi yaliyofaulu jaribio la kuvuta juu ya theluji. Herufi M+S, ambazo wauzaji wengi huzitaja kana kwamba ni hati ya ubora, hazithibitishi jaribio lolote, kwani mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la mifereji tu.

Sababu ya kutajwa kwa misumari ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi madereva wa kaskazini mwa Japani walitumia matairi yenye vijisumari vya chuma vilivyotoboa barafu, lakini barafu ilipokuwa imeondoka vijisumari hivyo vilisaga lami na kuigeuza vumbi lililotanda juu ya miji kama Sendai na Sapporo na kuingia vifuani mwa wakazi, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikakomesha matumizi yake. Wahandisi wakabaki na swali gumu, nalo ni jinsi mpira mtupu utakavyoshika barafu bila kuikwaruza barabara.

Jibu lao lilianzia kwenye hali ya barafu yenyewe, ambayo huteleza kwa sababu ya utando mwembamba wa maji ulio juu yake, utando unaokuwapo hata chini kidogo ya nyuzijoto 0 na unaoongezeka kila kitu kinapousugua. Ndiyo maana barafu ya nyuzi 0 iliyoanza kulowa ni ya hatari kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sufuri, ambayo ni kavu na yenye kushika. Tairi likielea juu ya utando huo haliigusi barafu hata kidogo, na kwa hiyo ulihitajika mpira unaokunywa maji. Kampuni ya Bridgestone ilitoa tairi lake la Blizzak mwaka 1988, likiwa na mpira uliojaa vitundu vidogo mno vinavyofyonza utando huo, na kwa kuwa vitundu vimeenea ndani ya mpira, tabaka la juu likilika vingine hufunguka chini yake. Kampuni ya Toyo ilipita njia nyingine ya kustaajabisha zaidi, kwa kuchanganya ndani ya mpira maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni magumu ya kutosha kukwangua barafu na laini ya kutosha kutoidhuru lami. Zaidi ya hayo, kila kipande cha mpira kinachokanyaga barabara hukatwa chale nyembamba, nyingi na zilizopinda, ambazo hujifungua kidogo gurudumu linapobeba uzito, kingo zake zikauma barafu na nafasi zake zikapokea maji yaliyokamuliwa, kisha huyatupa nje tairi linapozunguka.

Ustadi huu wote hutegemea ulaini. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 7, ilhali ule wa tairi la theluji hubaki laini hata maji yanapoganda. Kisumu, iliyo mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, haiijui baridi hiyo. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na lami iliyochomwa na jua huwa moto kuliko hewa. Katika hali hiyo kipande cha mpira kilichokatwakatwa chale hupinda na kuyumba kila dereva anapokanyaga breki au kukata kona, mpira hupata joto na kulika upesi, na umbali wa kusimama huongezeka, iwe lami ni kavu au imelowa kwa mvua ya jioni, kama ile inayoukuta mteremko wa kutoka Kiboswa kushuka Mamboleo. Kosa linalotendeka kila siku ni kulipima tairi kwa kutia kidole mferejini na kufurahia kina chake, wakati tairi lenye mifereji mirefu laweza kuwa zee lililokauka. Umri wake husomwa ubavuni katika tarakimu nne, ambapo 3519, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu hukabidhiwa gari kwa nyaraka nyingi namna ile, na hakuna hata karatasi moja inayomweleza kuhusu kitu pekee cha gari hilo kinachogusa barabara.

Barafu yenyewe, hata hivyo, si ngeni kabisa kwa msafiri atokaye Kisumu. Nyanda za juu za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kwa wastani wa siku zipatazo 50 kwa mwaka, kwa kuwa upepo wenye unyevu kutoka ziwani hukutana huko na ule utokao mashariki, na hewa hupandishwa kwa nguvu hadi unyevu wake unapoganda. Mtafiti Russell Schnell aliichunguza hata takataka ya majani ya chai iliyo chini ya michai ya huko na kuonyesha kwamba chembe zake zaweza kuanzisha mgando wa maji mawinguni. Mawe hayo yakitanda juu ya lami, dereva hukutana na barafu ya nyuzi 0 juu ya maji, yaani ile mbaya kuliko zote, na wokovu wake ni kupunguza mwendo mapema na kusubiri, kwani ndani ya muda mfupi itakuwa imeyeyuka.

Imani kwamba gari lenye maandishi 4WD mgongoni limeepukana na mambo haya haina msingi. Mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mengi zaidi na hivyo hulisaidia gari kuondoka na kupanda, lakini hauongezi chochote katika kusimama, kwa sababu kila gari, hata lile linalosukumwa kwa magurudumu mawili, tayari lina breki kwenye yote manne. Ubaya wake ni kwamba humficha dereva utelezi, maana gari huondoka kwa urahisi na utelezi hugunduliwa baadaye, mwendo ukiwa umeshakuwa mkubwa.

Toyota Probox, gari lililotoka mwaka 2002 na ambalo leo hubeba abiria na mizigo katika karibu kila njia ya Kisumu, Siaya na Bondo, lina toleo la magurudumu manne lenye kifaa cha kuvutia sana. Kwenye njia ya kupeleka nguvu nyuma kuna pipa dogo lililozibwa, lenye sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kwa zamu, moja ikishikana na upande wa mbele na inayofuata na upande wa nyuma, na nafasi baina yake imejazwa mafuta mazito ya silikoni. Pande zote mbili zikizunguka kwa kasi moja hakuna kinachotokea. Magurudumu ya mbele yakiteleza na kuzunguka kasi kuliko ya nyuma, sahani huyakata mafuta hayo, mafuta hupata joto na kutanuka ndani ya pipa lisilo na njia ya kutokea, na mnato wake huuburuta upande wa nyuma, hadi sahani zenyewe zinapobanana.

Hapo ndipo tairi na mfumo huu vinapokutana kwa hasara. Wenye magari wengi hununua matairi kwa kadiri mfuko unavyoruhusu, mawili mapya mbele na mengine mawili yaliyolika yakaachwa nyuma. Tairi la nusukipenyo cha milimita 300 likiwa limelika kwa milimita 5, huzunguka takriban mara 9 zaidi kwa kila kilomita kuliko jipya, na katika safari ya kilomita 350 kati ya Kisumu na Nairobi hiyo ni mizunguko zaidi ya 3,000 ambayo pipa la silikoni huitafsiri kuwa utelezi. Mafuta hupikwa njia nzima juu ya lami kavu, kifaa huharibika, na fundi hulaumiwa kwa ugonjwa ulionunuliwa dukani pa matairi.

Adui halisi wa magurudumu katika mwambao huu ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano, unaoanza Kisumu na kuenea hadi Ahero na Nyakach. Chembe zake ni tabaka nyembamba zinazoingiza maji baina yake na kuvimba, kisha hukauka na kupasuka nyufa zenye kina. Tofauti yake na theluji ni kubwa: theluji iliyoshindiliwa mferejini hushikana na theluji ya barabarani na kuongeza mvuto, ilhali tope hili hujaza chale kwanza, kisha mifereji, hadi tairi linakuwa gurudumu laini la udongo, na magurudumu manne ya namna hiyo hayafiki mbali kuliko mawili. Tairi la tope huwa na vipande vikubwa vilivyoachana ili udongo utupwe nje, umbo lililo kinyume kabisa cha tairi la theluji. Lakini tairi bora kuliko yote halitibu barabara isiyo na mtaro. Ofisi za umma hupata fedha za magari makubwa ya kuvuka tope kwa wepesi kuliko za kuchimba na kuzibua mitaro ya njia za mashamba ya mpunga ya Ahero na Kano Magharibi, na mkulima asiye na gari la aina yoyote ndiye anayebaki na magunia yake mvua zinaponyesha.

Tairi likishakuwa kipara huingia katika kazi nyingine: hukatwa akala, kamba za kufungia mizigo, bawaba za mageti, vyungu vya maua, vizuizi vya kukinga boti zisigonge gati, na bembea za watoto wa shule. Matairi yanayosalia hutupwa nyuma ya gereji, yakakusanya maji yanayozalisha mbu wa aina ya Aedes, waenezao dengi na chikungunya, au huchomwa ili kupata nyaya zilizo ndani yake, na masizi yake huoshwa na mvua hadi mito ya Kisat na Auji, ambayo yote miwili humwaga maji yake ziwani.